Jina Lililoandikwa Pembeni

Kila mwaka, katika juma la kwanza la masomo, hutokea mwanafunzi anayeniuliza ni kipindi gani cha historia ninachokipenda kuliko vyote. Wanatarajia nitaje wafalme, au vita vikubwa vya ng'ambo. Mimi huwaambia kwamba nawapenda wachimba visima. Darasa hucheka, nami huwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha naanza kueleza.

Wachimba visima ninaowasema ni wale waliopasua mwamba mweupe wa Wajir zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajafika. Visima vyao vipo hadi leo na ngamia bado wananywa humo. Ni akina nani hasa? Hakuna anayejua kwa hakika. Lakini nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, huko Garissa, mimi nilijua kwa hakika kabisa, kwa sababu adeer wangu aliniambia.

Adeer, kwetu tunaozungumza Kisomali, ni ndugu wa baba. Huyu alikuwa mdogo wa baba yangu, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, hana mke wala mtoto. Baba alikuwa na duka la majani ya chai, sukari na vitambaa. Adeer ndiye aliyekuwa akitembea na ngamia wa familia. Kila aliporudi mjini alikuja na hadithi.

"Walikuwa warefu," aliniambia. "Mmoja akisimama kwenye kisima hiki na mwenzake kwenye kisima kile, wanapeana ndoo bila kupiga hatua."

"Wewe uliwaona?"

"Mimi bado kijana. Muulize ayeyo wako. Nadhani mmoja wao alimposa."

Ayeyo ni nyanya. Huyu alikuwa mama wa adeer na wa baba yangu. Alimrushia kijiti cha kuni. "Mtoto anakuamini, mwongo wewe!"

"Basi akikua aende akapime mwenyewe," adeer akasema. "Ashushe kamba mpaka chini, aone nani mwongo."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu wa historia, ingawa ilichukua miaka mingi kabla sijaitambua.

Sasa nieleze wakati wenyewe. Ulikuwa wakati wa vita. Kulikuwa na watu waliotaka eneo letu lote la kaskazini mashariki lijitenge na Kenya liungane na Somalia, na serikali ilikuwa ikipigana nao. Redio iliwaita shifta, yaani majambazi wa porini. Sisi tulioishi mjini hatukuwa porini, lakini tulifanana na walio porini, tulisema lugha yao, na wengi wetu tulikuwa na ndugu ambao hatukujua wako wapi. Hilo lilitosha.

Hofu ya siku zile haikuwa ya kupiga kelele. Ilikaa nasi kama mtu wa nyumbani. Ilikaa kwenye sauti ya lori. Baba alitufundisha kwamba tukisikia lori tusikimbie. Tukae chini palepale tulipo, mikono ionekane. "Anayekimbia ana jambo," alisema. Hata leo, lori kubwa likibadilisha gia nyuma yangu barabarani, magoti yangu hutaka kukunjika.

Katika mwaka wa tatu wa vita adeer aliondoka na ngamia kuelekea upande wa Dadaab. Hakurudi. Mwezi ukapita, ikapita miezi saba. Wengine walisema amekufa pamoja na wanyama wake. Wengine hawakusema kitu, ila walimtazama baba kwa jicho lenye neno. Nyumbani tuliacha kulitaja jina lake. Hakuna aliyetoa amri. Liliacha tu kutajwa, kama mtu anavyoacha kukanyaga mguu unaouma.

Mimi ndiye niliyeliandika.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa shule ya serikali, mtu wa bara aliyekuwa na subira kubwa na Kiswahili chetu kibovu, alituambia kwamba historia huanzia mlangoni kwenu. "Nendeni mkaulize wazee," alisema. "Mtakachoambiwa, kiandikeni." Wenzangu walisahau kabla kengele haijalia. Mimi nilikwenda mbio kwa ayeyo.

Kuna jambo ambalo msomaji asiyetoka kwetu anahitaji kulijua hapa, na si gumu. Mtoto wa Kisomali hufundishwa ukoo wake kabla hajajua kufunga kamba ya mbuzi. Anaanza na jina lake, halafu la baba, la babu, la baba wa babu, anapanda hivyo hivyo bila kukosea. Tunaita abtirsi. Watu wawili wasiojuana wakikutana safarini husomeana majina hayo mpaka yafike mahali yanapokutana, na hapo wanajua wao ni nani kwa nani. Kwetu hiyo ndiyo barua ya utambulisho. Lakini mstari huo hupitia kwa wenye watoto tu. Mtu aliyekufa bila mtoto hana atakayeanzia kwake kuhesabu, kwa hiyo hasomwi. Baada ya vizazi viwili ni kama hakuzaliwa.

Nilikuwa na majina ishirini na mawili. Niliyaandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa katika chuo cha Kurani, kwa sababu ayeyo alizitambua kidogo na nilitaka afuatilie kwa kidole. Penseli yangu ilikuwa imekwisha, basi nikatumia wino wa chuo, ule wa masizi na gundi ya mti, tunaoandikia vibao vya mbao. Katika ukurasa uliofuata niliorodhesha visima vya Wajir alivyonitajia adeer, kimoja kimoja, na safari ya siku ngapi kutoka kimoja hadi kingine.

Nilipomaliza nilitazama orodha ya majina nikaona kitu hakipo. Baba alikuwapo. Babu alikuwapo. Aliyenipa hadithi za visima hakuwapo, wala hangekuwapo kamwe, kwa kuwa hakuwa na mtoto. Nilichovya kalamu nikaandika jina lake pembeni, mkabala na la baba, kwa herufi ndogo. Niliona nimemfanyia wema.

Siku chache baadaye msichana wa jirani alinipasha habari tukiwa tunachota maji. "Unajua kuna mzee alikamatwa kwa karatasi? Ilikuwa mfukoni. Hata yeye mwenyewe hajui kusoma."

"Karatasi ya nini?"

"Nani anajua? Karatasi ni karatasi."

Maji yalimwagika miguuni mwangu. Nilikimbia nyumbani nikalichukua daftari langu. Kulichoma sikuweza, ningechoma kazi ya mwalimu na majina ya wazee pamoja. Nikafikiri kama mtoto anavyofikiri: liweke mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kugusa. Mahali hapo palikuwa sanduku la mbao la majani ya chai dukani kwa baba. Nililizika daftari humo chini kabisa, nikasawazisha majani juu.

Malori yalikuja asubuhi moja, saa nne hivi, jua likiwa limeshapanda. Tulikaa chini. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakituelekeza kwenye kiwanja kilicho upande wa mtoni, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine. Afisa alikaa kwenye kiti chini ya mgunga. Pembeni yake alisimama mkalimani, askari mzee kidogo, Msomali kama sisi, ambaye kwa lafudhi yake nilijua ametoka upande wa Wajir. Wanawake hawakumtazama. Mmoja nyuma yangu alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika, "Fisi aliyefugwa kama mbwa." Mkalimani hakugeuka.

Wanaume walikaa juani, mikono magotini. Niliweza kumwona baba, kofia yake nyeupe, safu ya tatu.

Askari kijana akaja akitokea upande wa maduka. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi jeusi. Nilijua ni vumbi la chai kabla sijaona alichobeba.

Afisa alilifungua daftari, akaligeuza juu chini, akalifungua tena. "Limetoka wapi?"

"Duka la tatu, afande. Lilifichwa chini ya majani ya chai."

"Duka la nani?"

Baba akasimama. Hakuwa amewahi kuliona daftari lile katika sanduku lake, lakini daftari langu la shule alilijua.

"Langu, afande."

"Na kitabu?"

"Yangu pia."

Mkalimani aliitwa asome. Alisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akasema, "Majina ya watu, afande. Ukurasa wa pili, visima."

Afisa akalichukua daftari, akageuza kurasa zile mbili mbele na nyuma. Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi mambo yale mawili yalivyoungana kichwani mwake: orodha ya wanaume, orodha ya maji, na safari ya siku ngapi kati ya maji na maji. Angekuwa mjinga asingeogopesha. Alikuwa anafikiri vizuri, kwa kutumia alichokijua.

"Hawa watu ni nani?"

"Wazee yangu, afande," baba alisema kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho herufi zake nyingine hazikumtii. "Nakufa zamani. Hakuna hata moja nabumua."

"Kama wamekufa, kwa nini uliwaficha?"

Baba siye aliyeficha. Alisimama na kunyamaza kwake kukafanana na hatia.

Nilitaka kusimama. Mkono wa ayeyo ulikuwa umeshika wangu juu ya kiwiko. "Kaa," akasema. Nami nikakaa. Nimewasimulia watu kisa hiki mara kadhaa, na huwa wanapenda nisimame papo hapo. Sikusimama. Niliketi, nikafikiria jina lile pembeni. Nikisema daftari ni langu wataniuliza majina yote. Wakiuliza majina yote, watafika kwa adeer. Baba mwenye ndugu porini, aliyeficha jina lake chini ya chai: huyo hatarudi nyumbani.

Afisa akaelekeza kidole kwenye lori. Baba akaanza kutembea.

Mkono wa ayeyo uliachia. Halafu ukanisukuma mgongoni. "Nenda. Yasome kama unavyonisomea mimi. Anza na lako, usimtazame mtu."

Sikumbuki nilivyovuka kiwanja. Nakumbuka viatu vya afisa, vilivyong'aa juu na vumbi chini. Nilisema, "Ni langu."

Askari wakacheka. Afisa hakucheka. "Wewe? Nani amekutuma uandike?"

"Mwalimu. Alisema historia inaanza mlangoni."

"Historia." Akamrudishia mkalimani daftari. "Basi soma. Bila kutazama."

Nikaanza. Jina langu, la baba, la babu. Mkalimani alifuatilia kwa kidole kwenye ukurasa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini majina yale hayahitaji sauti, yanavutana yenyewe. Nilipofika la ishirini na mawili nilisimama. Kidole cha mkalimani kilikuwa mwisho wa ukurasa.

"Sawasawa, afande. Ni ukoo. Kila mtoto wa huku anao."

"Au amekaririshwa majina ya genge," afisa alisema.

"Ita mtoto mwingine, afande. Yeyote. Nitakuonyesha."

Wakaleta msichana mdogo wa miaka sita hivi, aliyekuwa akitafuna ncha ya shuka ya mama yake. Sikumjua. Mkalimani alichuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa Kisomali, kwa upole ambao sikuutarajia, "Wewe ni nani, mama?" Mtoto akatoa shuka mdomoni akayamwaga majina yake mbio mbio kama mbuzi wanaotoka zizini. Jina lake la tisa likawa la kumi na moja langu. Kutoka hapo njia ikawa moja.

Mkalimani akainua daftari mbele ya afisa, akimwonyesha kwa kidole jina moja baada ya jingine kadiri mtoto alivyosema. Kisha nikasikia sauti nyingine. Wazee waliokaa juani walikuwa wakiyafuata majina yale kwa chini, midomo ikitembea, sauti nzito moja, mpaka kwa babu wa mwisho.

"Kimya!" afisa akapiga kelele. Kiwanja kikanyamaza. Nadhani hata yeye aliogopa kidogo.

"Na visima?"

"Visima vya kale, afande. Kila mchungaji anavijua. Mimi mwenyewe nimekunywa humo."

Afisa alilichukua daftari. Nilidhani yamekwisha. Alikuwa akilifunga, akasita, akalifungua tena. Hakujua kusoma herufi zile, lakini macho alikuwa nayo.

"Na hili la pembeni? Hili hakulisoma."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na nimeogopa mambo mengine, lakini sijawahi tena kuhisi mwili wangu ukiwa mtupu namna ile, kama kibuyu kilichogeuzwa. Nilimwona baba kando ya lori. Alikuwa hajui kuna kitu pembeni. Nilimwona akielewa.

Mkalimani alisogea. Alilitazama jina la adeer kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji kusomwa. Lilikuwa neno moja tu, na jina la ndugu yake, baba yangu, lilikuwa palepale kando yake. Hakuna Msomali ambaye asingeelewa.

"Bismillahi, afande," akasema. "Jina la Mungu. Watoto wa chuo huliandika kabla ya kuanza kazi."

"Mbona lipo pembeni? Si lingekuwa juu?"

"Ni mtoto. Alisahau, akaliweka penye nafasi."

Afisa alinirudishia daftari. "Mwambie mwalimu wako awafundishe kuandika kwa herufi za shule," alisema. Mkalimani akageukia wanaume na kuanza kuita wengine. Hakunitazama tena, wala sikuwahi kumwona baada ya siku ile.

Baba aliruhusiwa kurudi. Baba wa yule msichana mdogo alipanda lori, pamoja na wengine, kwa sababu ambazo hatukuelezwa. Mtoto aliyenisaidia kwa majina yake alibaki ameshika shuka ya mama yake. Katika miaka yote ya kufundisha sijapata njia ya kueleza jambo hilo likaeleweka. Nalisema tu lilivyo.

Nyumbani baba alikaa kwenye mkeka bila kuvua viatu. Alasiri iliingia. Niliweka daftari mbele yake nikasubiri kuchapwa. Alilifungua ukurasa ule, akalitazama jina la mdogo wake, akafunika uso kwa kiganja.

"Lazima litoke," alisema. "Wakirudi na mkalimani mwingine..."

"Nitalichoma," nikasema.

"Huchomi." Ilikuwa sauti ya ayeyo. Alikuwa ameleta bakuli la maji. "Askari amesema ni Bismillahi. Bismillahi haichomwi."

"Mama, unajua si Bismillahi."

"Najua nilichokizaa."

Vibao vyetu vya chuo, somo likishahifadhiwa, huoshwa. Wino wa masizi hauna ukaidi; ukiupa maji unaondoka. Na maji yaliyoosha maneno matakatifu hayamwagwi penye kukanyagwa. Hupelekwa mahali safi, au mgonjwa huyanywa kwa kutafuta baraka. Ayeyo alikunja ukurasa ili majina mengine yasiloane, akachovya ncha ya kidole, akasugua pale pembeni taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Jina lilivimba, likawa wingu dogo la kijivu, likateremka kwenye bakuli. Karatasi ikabaki na alama nyeupe iliyokwaruzika.

Nilidhani atayamwaga chini ya mti wa uani. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akasema Bismillahi, safari hii ya kweli, akayanywa yote.

Adeer hakurudi. Hatujui kilichompata, na vita vilipokwisha hapakuwa na wa kumwuliza. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Wajir, nikashusha kamba yenye jiwe katika kisima kimoja, nikapima kama alivyoniagiza. Kilikuwa na kina cha kawaida, cha kuchimbwa na watu wa kawaida wenye subira. Nililia pale kisimani mpaka mchungaji mmoja akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Daftari ninalo bado. Mimi huwaonyesha wanafunzi ukurasa ule, na kuwaomba waniambie wanaona nini. Wao husoma majina. Mara chache, mmoja mwenye jicho zuri huuliza kwa nini karatasi imechubuka pale pembeni, karibu na juu. Huyo nampa chaki aje mbele aliandike swali lake ubaoni. Lakini jina lenyewe sijaliandika tena mahali popote. Hata hapa, nikiwa mzee, mlango ukiwa wazi na barabara ikiwa kimya, mkono umefika mara mbili na mara mbili umerudi.